Kulinda mbegu inayoota na miche michanga dhidi ya wadudu wa udongoni

Mbegu ikishafukiwa huioni tena mpaka ichomoze, na siku hizo chache ndizo wadudu wa udongoni hufanya kazi yao. Wengi hukimbilia dawa baada ya kuona mapengo kwenye mistari. Kwangu, sehemu kubwa ya kinga hufanyika kabla mbegu haijagusa udongo, na inayobaki ni kumjua mharibifu kabla ya kumtafutia dawa.

Hatua ya 1: Andaa shamba mapema

Ondoa magugu na ulime wiki 2 hadi 3 kabla ya kupanda. Nondo wa sota, yaani viwavi wanaokata miche, hupenda kutaga mayai kwenye magugu na udongo wenye unyevu. Ukipanda siku chache tu baada ya kulima, sota waliokuwa wakila magugu watahamia kwenye miche yako, kwa kuwa hakuna kingine cha kula. Ukiwaacha bila chakula, wengi hufa njaa, na waliofukuliwa huokotwa na ndege au kuku.

Usiweke samadi mbichi. Harufu ya vitu vinavyooza huvutia inzi wanaotaga udongoni, na funza wao hutoboa mbegu za maharage na mahindi zikiwa bado chini. Samadi iliyoiva haina joto, hainuki, na ukiifinya inapukutika mkononi.

Hatua ya 2: Tega ujue nani yuko chini

Kata vipande vya kiazi au karoti, vifukie kina cha sentimita 5 hadi 10 sehemu mbalimbali za shamba, na uweke kijiti kila ulipofukia. Fukua baada ya siku 2 au 3. Ukikuta vidudu vyembamba, vigumu, vya rangi ya kahawia inayong'aa, vimejichimbia ndani ya kipande, hao hula mbegu na kutoboa shina changa chini ya ardhi. Chimba pia mashimo machache ya kina cha jembe uangalie funza weupe wanene wenye kichwa cha kahawia. Shamba lililokuwa na nyasi kwa muda mrefu huwa nao wengi, kwa hiyo hapo ongeza idadi ya mitego.

Hatua ya 3: Safisha udongo wa kitalu kwa jua

Kitalu ni kidogo, kwa hiyo kazi hii inawezekana. Lainisha udongo, mwagilia mpaka ulowe vizuri, kisha utandaze nailoni angavu inayopitisha mwanga na kufukia kingo zake pande zote ili joto lisitoke. Iache wiki 4 hadi 6 za jua kali. Joto hilo hupunguza minyoo fundo (minyoo midogo sana inayovimbisha mizizi), vimelea vya kinyausi (ugonjwa wa kuozesha shina la mche mchanga) na mbegu za magugu katika tabaka la juu. Ukishaifunua, usichimbe kwa kina, maana utarudisha juu udongo ambao joto halikuufikia.

Hatua ya 4: Isaidie mbegu itoke haraka

Kila siku mbegu inayokaa chini bila kuchomoza ni siku ya hatari. Mahindi yaloweke usiku mmoja, yaanike kivulini mpaka ganda likauke, kisha uyapande siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu. Maharage usiyaloweke kwa muda mrefu, hupasuka. Mahindi yanatosha kina cha sentimita 3 hadi 5. Mbegu ndogo kama za nyanya hazihitaji zaidi ya sentimita 1. Mbegu ndogo sana zifunike kwa udongo laini na uzishindilie kidogo, la sivyo sisimizi watazibeba.

Kama mitego imeonyesha wadudu wengi, mbegu iliyopakwa dawa ina maana: kiasi kidogo cha dawa hukaa pale pale penye mbegu, badala ya kumwagwa shamba zima. Mbegu hiyo usiiloweke, ishike kwa glavu, na iliyobaki isiliwe kamwe na mtu wala mfugo.

Hatua ya 5: Soma dalili kila asubuhi

Hapa ndipo penye kazi hasa, na hapa ndipo dawa nyingi hupotea bure.

Shina limekatwa usawa wa udongo na mche umelala pembeni: huyo ni sota. Fukua kwa vidole kuuzunguka mche, kina cha sentimita 2 hadi 5. Utamkuta mnene, wa kijivu, ngozi kama imepakwa mafuta, na akiguswa hujikunja. Muue papo hapo. Sota mmoja huweza kukata miche kadhaa kwa usiku mmoja, kwa hiyo kumpata mmoja kunaokoa miche mingi ya mstari ule. Ukitoka na tochi usiku utawaona juu ya udongo wakila.

Mche umenyauka ukiwa bado umesimama, na ukiuvuta kidogo unang'oka na mizizi imeliwa: ni funza weupe. Majani yana matundu na kuna ute uliokauka unaong'aa: ni konokono. Weka ubao uliolowa jioni, ugeuze asubuhi uwaokote. Majivu huwazuia yakiwa makavu tu. Mvua ikinyesha kazi yake imekwisha.

Shina limesinyaa na kuwa na majimaji karibu na udongo, bila alama ya kung'atwa: hicho ni kinyausi, ugonjwa, na dawa ya wadudu haitausaidia mche huo. Punguza maji, punguza msongamano wa miche, acha hewa ipite.

Maharage yamekuwa manjano na shina limevimba na kupasuka chini: ni funza wa maharage. Inzi wake hutaga kwenye majani ya kwanza, kisha funza hushuka ndani ya shina. Pandishia udongo shinani ili mche utoe mizizi mipya juu ya jeraha.

Hatua ya 6: Vika kola miche inayohamishwa

Zungushia kila mche karatasi ngumu au kopo lisilo na kitako, sentimita 2 hadi 3 zikiwa ndani ya udongo na kama 5 zikiwa juu. Kagua kwanza udongo wa ndani. Ukimfungia sota humo umemkabidhi mche. Iondoe kola shina likishakuwa gumu.

Ukija kujazia mapengo, usichomeke mche mpya kabla ya kuchimbua na kuchambua udongo wa pale pale, kwa sababu aliyekata ule wa kwanza mara nyingi bado yumo.