Kubandika stika kwenye kibao bila mapovu wala mikunjo

Povu huzaliwa pale stika inapogusa kibao kabla skwiji, yaani kipande bapa cha plastiki cha kukandamizia stika, haijafika. Hewa inazingirwa na kukosa pa kutokea. Kwa hiyo kazi yote ni kuhakikisha gundi inashika mstari baada ya mstari, palepale skwiji inapopita, kwingine kote stika ikiwa bado hewani.

Tuchukue kibao cha alukobondi (bamba la plastiki lililofunikwa alumini pande zote mbili) cha sm 120 kwa 60, na maandishi ya stika yaliyokatwa kwa mashine, yakiwa yamefunikwa tepu ya kuhamishia, ile inayozishika herufi pamoja hadi zibandikwe.

Ukishavua ngozi ya plastiki inayokilinda kibao, usikiguse tena kwa vidole. Kifute kwa isopropili (aina ya alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 70 na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha pitisha kitambaa kikavu upesi. Ukiiacha ikauke yenyewe, mafuta iliyoyayeyusha yanabaki palepale. Jihadhari na spiriti ya vidonda, maana nyingine hutiwa mafuta ya nyonyo. Chembe moja ya mchanga inatosha kuinua stika kama hema, na hakuna kukandamiza kutakakoilaza.

Bati lililopakwa rangi ya mafuta linahitaji subira. Rangi inaweza kuwa kavu mkononi huku mvuke wake ukiendelea kutoka ndani. Stika ikiuziba, mapovu yatatokea siku kadhaa baada ya mteja kuchukua kibao chake. Subiri angalau wiki moja, na kama bado inanuka, ongeza siku.

Bandika kivulini, nyuzi joto 15 hadi 25 za Selsiasi ndizo bora. Kwenye bati lililochomwa na jua gundi hunasa papo hapo, na stika hulainika na kuvutika. Stika iliyobandikwa ikiwa imevutika hunywea baadaye, kingo zikaachia.

Sasa laza stika mahali pake bila kuibandua, pima kutoka ukingo wa juu pande zote mbili, kisha pitisha tepu ya karatasi wima katikati, kutoka juu hadi chini. Inua nusu ya kulia, bandua karatasi ya nyuma hadi kwenye tepu, uikate hapo kwa mkasi. Mwenzako ashike kona mbili za nje, stika ikae juu ya kibao, imenyooka bila kuvutwa. Anzia kwenye tepu. Skwiji ilale nyuzi 45. Vuta kutoka kati kwenda juu, halafu kutoka kati kwenda chini, kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Ukimaliza ondoa tepu ya katikati, ufanye nusu ya kushoto vivyo hivyo.

Mkunjo huja mkono mmoja unapovuta kuliko mwingine. Ukiuona, simama. Ukiukandamiza umeuharibu, kwani alama yake haifutiki. Inua stika taratibu hadi nyuma ya mkunjo, sawazisha mikono, endelea.

Stika pana isiyo na maandishi ni rahisi zaidi kwa maji: lita 1 na matone mawili au matatu ya sabuni ya vyombo, ukinyunyiza kibao na gundi pia. Sabuni ikizidi gundi haishiki. Njia hii haifai kwa stika yenye mifereji ya hewa kwenye gundi, kwa sababu maji hunaswa humo, wala kwa plaiwudi ambayo haijapakwa rangi hadi kingoni.

Tepu ya kuhamishia ibanduliwe kwa kuikunja nyuma kabisa, ilale karibu na kibao. Ukiivuta kwenda juu itang'oa herufi. Kama ulitumia maji, ngoja nusu saa kwanza.

Povu lililobaki litobolewe kwa sindano ukingoni mwake, kisha hewa isukumwe kwa kidole kuelekea tundu. Wembe usiutumie: mpasuko hupanuka stika inaponywea juani. Vipovu vya chini ya milimita 2 viache. Vingi huisha vyenyewe baada ya siku chache za jua.