Jinsi ya kuweka nyayo za kale mtandaoni wengine nao wazitumie

Ukikuta unyayo kwenye mwamba piga picha nyingi ili programu iziunganishe kuwa modeli ya 3D, kila moja irudie zaidi ya nusu ya eneo la mwenzake, na rula iwe pembeni manake bila kipimo modeli hiyo haisaidii mtu. Piga pia moja jua likiwa chini, kile kivuli ndo kinatoa hadi alama ya kucha, raha sana!

Alafu pandisha modeli MorphoSource au Zenodo, hazina za mtandaoni za data za kisayansi, hii ya pili ni bure na inakupa DOI, yaani namba ya kudumu ya kutajwa na watafiti. Andika tabaka la mwamba, umri, leseni (yaani wengine wanaruhusiwa kuitumia vipi). Picha ghafi nazo weka jamani, wengi wanaziacha na inaniuma, bila hizo programu zikiboreka modeli haitengenezeki upya. GPS kamili usiianike, wezi wa visukuku wapo.