Printa ya leza isiyotengenezwa tena: uichukue au uiache?

Kiwanda kikiacha kutengeneza modeli fulani ya printa, bei yake hushuka haraka. Mara nyingi mashine haina kasoro yoyote. Modeli mpya imeingia na ghala linataka nafasi. Lakini printa ya leza huendelea kula baada ya kununuliwa, na chakula chake ni tona, yaani unga wa wino. Kwa hiyo anza kuulizia tona, mashine baadaye.

Nakili namba nzima ya modeli pamoja na herufi za mwisho. Kwa watengenezaji wengi d ni kuchapa pande mbili, n ni waya wa mtandao na w ni Wi-Fi. Kisha tafuta namba ya katriji yake, yaani kasha lenye tona, na uangalie ni printa gani nyingine zinaitumia. Ikiwa katriji hiyohiyo inaingia kwenye modeli ambazo bado zinatengenezwa, hofu kubwa imekwisha. Ikiwa ilikuwa ya modeli hiyo moja tu, na wauzaji wawili watatu hawana, iache. Usitegemee tona za viwanda vingine pekee: katriji nyingi zina chipu, na sasisho la programu ya ndani ya printa linaweza kuzikataa.

Sasa piga hesabu. Tuseme unachapa kurasa 200 kwa mwezi. Miaka mitatu ni kurasa 7,200. Katriji inayokuja na mashine huwa ya kuanzia tu, tuseme kurasa 700, kwa hiyo zinabaki 6,500. Kwa katriji ya kurasa 1,200 utanunua sita. Kwa ya kurasa 3,000 utanunua tatu. Zidisha kwa bei, ongeza bei ya printa, halafu fanya hivyohivyo kwa modeli mpya unayoilinganisha nayo. Hapo ndipo punguzo nyingi huyeyuka. Kumbuka kwamba idadi ya kurasa kwenye boksi inatokana na kurasa ambazo tona imefunika takriban asilimia 5 tu; ukichapa picha na majedwali mazito, utapata pungufu sana.

Angalia pia dramu, silinda inayobeba tona na kuiweka kwenye karatasi. Katika baadhi ya printa imo ndani ya katriji, hivyo unaibadilisha kila tona inapoisha. Katika nyingine ni kipuri cha peke yake, chenye maisha yake na bei yake, na lazima kiingie kwenye hesabu.

Upande wa kompyuta ndio unaoua printa nzima kabla ya wakati wake. Printa inayoelewa PCL au PostScript, lugha zinazotumiwa na printa nyingi, ina nafasi nzuri ya kufanya kazi kwa draiva ya jumla (draiva ni programu ya kompyuta inayoendesha printa) hata mtengenezaji akiacha kuihudumia. Yenye AirPrint au Mopria, mifumo ya pamoja ya kuchapa, ni bora zaidi, kwa kuwa simu na kompyuta za sasa huchapa bila draiva maalumu. Ile ya waya wa USB tu, inayotegemea draiva yake yenyewe kupanga ukurasa, tungeiacha hata kwa nusu bei: mfumo wa kompyuta ukibadilika na draiva isibadilike, umebaki na boksi. Za rangi nazo zinataka tahadhari, maana zina katriji nne, na kubadilisha zote kwa pamoja mara nyingi hukaribia bei ya mashine.

Soma tarehe ya kutengenezwa kwenye kibandiko cha nyuma. Mashine ikikaa ghalani miaka mingi, mipira ya rola hukauka na kuanza kuteleza, na tona iliyopata unyevu hugandamana. Uliza dhamana inahesabiwa kuanzia siku ya kununua au siku ilipotoka kiwandani, na nani ataitengeneza.

Kama boksi limefunguliwa au ilikuwa ya maonyesho, chapa ukurasa wa taarifa kutoka kwenye menyu ya printa. Ukurasa huo utaonyesha jumla ya kurasa zilizokwisha kuchapwa. Kisha pitisha karatasi 20 kutoka kwenye trei, kumi kati ya hizo pande mbili. Zikiingia mbilimbili au zikikwama mwanzoni, rola za kuvutia karatasi zimechoka, na hizo kwa kawaida ni rahisi kubadilisha. Sugua maandishi kwa kidole: yakitoka kwenye karatasi ya kawaida, fyuza, sehemu inayogandisha tona kwenye karatasi kwa joto, haipati joto la kutosha, na hilo ni tengenezo la gharama. Doa linalojirudia kwa umbali uleule kwenye ukurasa hutoka kwenye kitu kinachozunguka. Pima kwa rula: dramu ya kipenyo cha milimita 24 hurudia kila milimita 75 hivi, ya milimita 30 kila 94. Ikiwa dramu hiyo imo ndani ya katriji, doa litaondoka na katriji mpya.

Ukiamua kununua, chukua tona moja ya akiba, si tano. Mashine ikifa mapema, hizo nyingine hazina pa kwenda. Tona hiyo ya akiba iache ndani ya mfuko wake uliofungwa, ikilala bapa, na usiufungue mpaka siku ya kuitumia, kwa sababu kama dramu imo ndani ya katriji, mwanga huiharibu.