Maswali ya myeyusho: jua kwanza unagawanya kwa nini

Makosa mengi katika maswali ya myeyusho hufanyika kabla hata ya hesabu: mwanafunzi anachagua kigawanyo kisicho chake. Molariti ni moli za kiyeyushwa kwa kila lita ya myeyusho mzima. Molaliti ni moli hizohizo kwa kila kilo ya kiyeyushi peke yake. Maji huficha kosa hili, maana lita yake moja ina karibu kilo moja. Viyeyushi vya kikaboni havifichi: densiti ya heksani ni kama 0.66 g/mL, benzini 0.88, klorofomu 1.49.

Tuseme gramu 3.20 za naftalini (C₁₀H₈) zimeyeyushwa katika mL 50.0 za benzini, nawe unatakiwa kutafuta kiwango cha kuganda. Benzini safi huganda kwenye 5.5 °C, na Kf yake (nyuzijoto ambazo kiwango cha kuganda hushuka kwa kila 1 mol/kg) ni 5.12 °C·kg/mol.

Moli (masi ya moli ya naftalini ni 128.2 g/mol): 3.20 ÷ 128.2 = 0.0250.
Masi ya benzini: 50.0 × 0.877 = g 43.9, yaani kg 0.0439.
Molaliti: 0.0250 ÷ 0.0439 = 0.569 mol/kg.
Kushuka kwa nyuzijoto: 5.12 × 0.569 = 2.91.

Myeyusho utaganda karibu na 2.6 °C. Aliyeandika kg 0.050 kwa mazoea ya maji atapata 2.9 °C, jibu linaloonekana zuri kabisa, na ndiyo maana ni vigumu kulishtukia. Kosa jingine ni kutumia 1.86, ambayo ni Kf ya maji. Kf hufuata kiyeyushi, haijali umeyeyusha nini.

Kisha uliza: chembe zinabaki zilivyo? Naftalini haivunjiki, kwa hiyo kizidishio i (chembe zinazopatikana kwa kila molekuli iliyoyeyushwa, nacho huzidishwa kwenye kushuka kwa nyuzijoto) ni 1. Chumvi ya mezani ndani ya maji hutoa ioni mbili, na i hukaribia 2. Asidi ya ethanoiki ndani ya benzini hufanya kinyume: molekuli hushikana mbilimbili kwa bondi za hidrojeni, na i huteremka kuelekea 0.5. Ukikokotoa masi ya moli ya asidi hiyo kutokana na kushuka kwa kiwango cha kuganda ukapata karibu 120 badala ya 60, usifute kazi yako. Hesabu imekuonyesha jozi hizo.

Maswali ya kuzimua (kupunguza ukali wa myeyusho kwa kuongeza kiyeyushi) ni mepesi: C₁V₁ = C₂V₂, C ikiwa molariti (kipimo chake ni M) na V ujazo, kabla na baada. Ili kupata mL 250 za 0.10 M kutoka 2.0 M, unahitaji mL 12.5. Ila usipime mL 237.5 za kiyeyushi ukaongeza. Jaza hadi mstari wa chupa ya ujazo. Ujazo haujumlishwi kama masi: mL 50 za ethanoli na mL 50 za maji hutoa takriban mL 96 hadi 97, kwa sababu molekuli hizo hukaa kwa kubanana zaidi zikichanganyika.