Kabla hujanunua transfoma ya treni ya mezani, angalia haya kwanza

Mwezi wa kwanza, ile mvua ya Mbeya imekolea kwelikweli, mama mmoja aliniletea transfoma pale kwenye meza yangu ya ufundi Mwanjelwa, kaifunga kwenye rambo, na kabla hajaifungua nilishajua imeungua maana harufu ya vanishi ya koili ikishapikwa haifichiki. Mdogo wake yuko Marekani, alimtumia mtoto treni nzuri sana ya umeme, kichwa na mabehewa manne, reli zake na kontrola yake. Mtoto akachukua adapta ya plagi, ile ya kubadilisha miguu tu, akachomeka ukutani. Treni ikatoka mbio mpaka ikaruka relini kwenye kona ya kwanza, transfoma ikaguna, moshi. Nilipofungua ile boksi koili ilikuwa nyeusi na karatasi iliyo kati ya tabaka za waya inavunjika mkononi kama jani la mgomba lililokauka.

Mtoto hakuumia, tunashukuru Mungu. Ila tangu siku ile mtu akiniuliza achukue transfoma gani sianzi na treni itakimbiaje, naanza na mtoto.

Maana fikiria, reli za treni ya mezani ni waya mtupu. Hazina ganda lolote, mtoto anazishika, analalia tumbo pembeni yake, anazifuta kwa kitambaa kibichi wewe ukiwa sebuleni unaangalia mpira. Kinachosimama kati ya zile volti 230 za ukutani na kidole chake ni transfoma, hakuna kingine. Ndani yake kuna koili mbili zimezungushiwa kwenye chuma, moja inapokea umeme wa ukutani, nyingine inatoa umeme mdogo wa kwenda relini, na hizo mbili hazigusani kabisa, zinapokezana kwa sumaku tu. Huko kutogusana ndiyo kinga yenyewe. Kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya bei na kabla ya rangi ya boksi, hakikisha koili zimetengana kweli. Chukua maltimita, transfoma ikiwa HAIJACHOMEKWA, weka kwenye omu (kipimo cha ukinzani) kubwa kabisa, waya mmoja kwenye mguu wa plagi na mwingine kwenye tundu la kutokea kwenda relini, jaribu miguu yote na matundu yote. Isisome chochote. Ikisoma hata kidogo hiyo usiilete ndani, hata ukipewa bure. Na isiposoma bado angalia waya wa plagi, ile ya mtumba ya miaka mingi ganda lake linakuwa gumu linapasuka pale linapoingia kwenye boksi, ukilikunja kidogo unaona shaba.

Hapa kuna kitu mafundi wenzangu wengine wanachanganya. Zile stepdauni za kupunguza 230 kuwa 110, nyingi ni za koili moja tu, zina tawi la kutokea katikati. Hazitenganishi. Ukiiweka stepdauni halafu mbele yake transfoma ya treni yenyewe, sawa, ile ya treni inakulinda bado. Ila usije ukajaribu kuunga stepdauni au ile ya kuzungusha kishikio kupandisha na kushusha volti, moja kwa moja na kibati cha diodi (kile cha kugeuza umeme wa ukutani uwe kama wa betri) kwenda relini, hata kama mita inakuonyesha volti 12 tu. Upande mmoja wa reli unaweza kuwa ni ukutani wenyewe.

Sasa suala la nchi transfoma ilikotoka. Huku kwetu umeme ni volti 230, hertz 50 (yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde), plagi ya miguu mitatu ya bapa, na hiyo ni sawasawa na Uingereza, kwa hiyo ukipata seti ya Hornby au nyingine iliyouzwa kule unachomeka bila wasiwasi. Ya Ujerumani nayo volti zinakubali, unabadilisha plagi tu. Ya Marekani ni 120 kwa hertz 60. Ya Japani ndiyo mtego mkubwa maana vitu vya Japani vinakuja kwa wingi pamoja na magari na spea, unakuta mtu ana seti ya Kato nzuri ndogondogo, kumbe kontrola yake ni ya volti 100. Plagi za nchi hizi mbili zote ni miguu miwili ya bapa, zinafanana, kwa hiyo plagi haikuambii kitu, pindua boksi usome kibandiko. Ukiona 100-240V hapo umepona, hiyo ni adapta ya kisasa inakubali popote. Ukiona 120V 60Hz peke yake, hata ukiiwekea stepdauni nzuri bado hertz hazibadiliki, na transfoma iliyotengenezwa kwa 60 ikifanya kazi kwa 50 inachemka zaidi. Kwa saa moja ya mchezo inaweza ikavumilia, kwa mchana kutwa wa sikukuu mimi singekubali. Ushauri wangu ni kwamba chukua treni, achana na transfoma yake, nunua nyingine ya huku.

Halafu ndiyo unauliza treni yenyewe inakula umeme gani. Zile za kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87 ya treni halisi, reli upana milimita 16.5, nyingi zinatumia DC (umeme wa uelekeo mmoja, kama wa betri) mpaka volti 12, na ukigeuza waya zinarudi nyuma. N ni ndogo zaidi, 1 kwa 160, reli milimita 9, nayo DC mpaka 12. Zile kubwa za bustanini za G zinapanda mpaka karibu 20 na kitu. Lionel za Marekani zenye reli tatu zinatumia AC (umeme wa kugeukageuka, kama wa ukutani), kama volti 18 hivi, na Märklin za zamani nazo ni AC, volti 16, na wanabadilisha uelekeo kwa kupiga mshtuko wa volti kama 24. Kichwa cha DC ukikiweka kwenye AC hakiendi, kinatetemeka na kuchemka mpaka mota inaungua, kwa hiyo hili halina kubahatisha. Na ile transfoma ya Märklin ya zamani iliyoandikwa 220, kwetu ukutani usiku wa manane mita inaweza kukuonyesha 240, basi ule mshtuko nao unapanda, kichwa chenye elektroniki ndani hakiupendi.

(Kwa wale wanaotaka kutengeneza reli yetu ya TAZARA, mimi ni mmojawapo, mezani kwangu nina kipande cha Mlimba kwenda Makambako na mahandaki yake, mjue reli halisi ya TAZARA ni upana wa milimita 1,067, wakati HO inaigiza reli halisi za upana wa 1,435. Ukijali vipimo kwa 1 kwa 87 unatakiwa reli ya milimita 12. Mimi nimekubali ya 16.5 kwa sababu vichwa vyake vinapatikana. Kwenye transfoma haibadilishi kitu.)

Baada ya volti ni ampia, na hapa ndipo watu wengi wananunua pungufu halafu wanalaumu treni. Volti ni msukumo, ampia ni kiasi. Treni hailishwi ampia kwa nguvu, inachukua inachohitaji, kwa hiyo transfoma ya ampia 2 haikiunguzi kichwa kinachokula nusu ampia. Chukua kalamu ujumlishe. Kichwa cha HO cha kisasa kinakula kama robo mpaka nusu ampia kikiwa na mzigo, cha zamani kinaweza kufika 1. Una vichwa viwili vinavuta pamoja mlima, weka 1. Mabehewa ya abiria sita yenye taa za balbu za zamani, kila behewa weka sifuri nukta 1, inakuwa 0.6, za LED ni kidogo sana. Jumla 1.6, ongeza robo yake ya akiba, unatafuta transfoma ya ampia 2. Kwa volti 12 hiyo ni kama 24 VA. VA ni volti mara ampia, ndiyo namba utakayoikuta kwenye kibandiko, na uhakikishe ni ya kutoa, sio ya kuingiza. Transfoma ya Lionel ZW, ile kubwa ya zamani, iliandikwa wati 275 lakini hizo ni zile inazokula ukutani, relini zinafika pungufu kabisa.

Usijumlishe humo zile koili za kubadilishia njia. Zinakula sekunde moja tu lakini zinakula nyingi, ampia 2, 3, wakati mwingine zaidi, ukiziunga pamoja na treni kila ukibadilisha njia taa zinafifia na kichwa kinashtuka. Zitafutie transfoma yake, hata ya mtumba ya AC volti 16, na swichi ya kubonyeza na kuachia. Ukibonyeza ukakaa nayo koili inaungua, nimeshabadilisha nyingi.

Lakini jamani msije mkasema basi ninunue kubwa kabisa nimalize. Kuna kijana aliniambia ana pawasaplai ya volti 12 ampia 30 ya redio ya gari, anataka kuweka hiyo. Behewa likianguka, gurudumu la chuma likilala juu ya reli zote mbili, hiyo ni shoti, na ampia 30 zinapita kwenye kile chuma chembamba, kinakuwa chekundu, plastiki inayeyuka, na kama umetengeneza milima kwa gundi na nyasi kavu za kuigiza basi umewasha kibiriti. Betri ya gari au ya sola ni hivyohivyo, wengi huku Rungwe na vijijini Mbozi wanatumia sola na inafaa kabisa maana ni DC 12 safi, ila lazima kuwe na fyuzi ya ampia 2 au 3 karibu kabisa na betri, sio karibu na treni, pamoja na kontrola ya kupunguza mwendo. Na ukitumia inveta ya bei rahisi, transfoma ya chuma itaguna na kuchemka, zile mawimbi yake sio laini.

Kwa hiyo uliza ina breka yake ndani, yaani swichi ya kujikata yenyewe kukiwa na shoti? Inakata kwa ampia ngapi? Inarudi yenyewe au unabonyeza? Kwa nyumba yenye watoto mimi napenda ya kubonyeza, maana ile ya kurudi yenyewe inakata inarudi inakata inarudi na mtoto hajui kama kuna shida.

Kama unafikiria mfumo wa dijitali wa DCC, ule ambao kila kichwa kina chipu yake na unaendesha vitatu kwenye reli moja, hapo hununui transfoma ya kawaida ya kuzungusha. Reli inakuwa na volti zake muda wote, kwa HO kama 14 hadi 16, na saplai inaamriwa na ile stesheni ya kuongozea, soma kitabu chake na ufuate namba walizoandika.

Ukishaileta nyumbani usiiamini kwa maneno. Nenda duka la spea za gari ununue balbu ya breki, volti 12 wati 21, bei yake haiumi. Hiyo inakula ampia 1 na robo tatu. Iunge kwenye matundu ya kutokea, pandisha taratibu, mita ikiwa imeungwa pembeni. Transfoma ya ampia 2 inayosema kweli itaiwasha balbu nyeupe na volti zitashuka kidogo tu. Iache nusu saa, balbu ikae juu ya kigae maana inachoma, halafu weka kiganja juu ya boksi ya transfoma. Vuguvugu sawa. Kama huwezi kuacha mkono ukahesabu mpaka kumi, au unasikia ile harufu, irudishe dukani siku hiyohiyo.

Iweke mahali penye hewa, juu ya meza, sio chini ya blanketi kama ninavyoona watu wakifanya mwezi wa sita na wa saba baridi ikibana. Na radi ikianza kunguruma kule mlima Loleza chomoa plagi kabisa, kuzima swichi hakutoshi. Umeme ukikatika pia chomoa, usubiri urudi na utulie dakika chache, maana ukirudi kwa kishindo huwa unapita na vitu.

La mwisho linahusu waya. Meza ikiwa kubwa, waya mmoja mwembamba mwanzoni hautoshi, treni inalegea upande wa mbali. Pitisha waya wa milimita za mraba 1.5 chini ya meza, ule wa taa za nyumba unafaa, na kila mita moja toa tawi kwenda relini. Ukimaliza chukua sarafu ya shilingi 200, iweke juu ya reli zote mbili pale mbali kabisa na transfoma, nguvu ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Breka ikate papo hapo. Isipokata na sarafu ikaanza kupata moto, zima, rudi chini ya meza ukaongeze matawi na kukaza viungio, halafu jaribu tena na sarafu ileile kabla hujamwita mtoto.