Somo: Trela la kambi lisitikise mkia

Safari yangu ya pili na trela la futi 28 nusura iwe ya mwisho. Ilikuwa Wyoming, Interstate 80, kati ya Laramie na Rawlins, kipande ambacho madereva wa malori wanakijua kwa upepo. Nyuma kabisa nilikuwa nimefunga baiskeli nne na jenereta. Lori likanipita, na kwenye kioo cha kushoto nikaona ubavu wa trela langu, kisha ukaonekana kwenye kioo cha kulia, kisha kushoto tena. Mke wangu akanyamaza ghafla. Nikakanyaga breki. Likazidi! Kilichotuokoa ni kilima kilichoanza kupanda mbele yetu.

Baadaye nilipima. Trela lilikuwa limelaza mbele asilimia 7 tu ya uzito wake.

Hatua ya 1: Pima shingo. Shingo ni ile pembe ya chuma ya mbele ya trela inayokaa juu ya gololi, yaani mpira wa chuma ulio nyuma ya gari linalovuta. Inatakiwa ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela lote: trela la paundi 7,000 liilemee gololi kwa paundi 700 hadi 1,050. Ikipungua chini ya hapo, mkia unakuwa na nguvu kuliko kichwa. Nenda kwenye mizani ya CAT, ile ya kupimia malori, zipo vituo vingi vya malori. Pima pikapu peke yake, watu wakiwa ndani. Kisha funga trela, legeza vyuma vya kusawazisha uzito (vile vinavyosambaza uzito wa shingo kwenye ekseli zote), upime tena ukisoma ekseli za pikapu tu. Tofauti ndiyo uzito wa shingo. Na trela liwe limepakiwa kama la safarini. Kupima tupu ni kujidanganya.

Hatua ya 2: Panga upya. Kama asilimia 60 ya mzigo ikae mbele ya ekseli za trela, vizito viwe chini. Watu wengi husahau maji. Galoni moja ni paundi 8.3, kwa hiyo tangi la galoni 40 ni zaidi ya paundi 330. Chungulia chini ujue tangi lako liko wapi. Kama liko nyuma ya ekseli, safiri na maji kidogo. Ila usirundike kila kitu mbele: kibandiko cha mlango wa dereva kinataja uzito ambao pikapu inaruhusiwa kubeba, na shingo imo humo pamoja na shemeji na masanduku yake.

Hatua ya 3: Trela likae sawa na barabara au liinamishe pua kidogo, lisiinue pua. Upepo wa tairi upimwe zikiwa baridi. Mwendo usizidi maili 60 kwa saa. California sheria yenyewe inasema 55 ukiwa unavuta.

Hatua ya 4: Sasa ndiyo ununue vifaa vya kuzuia kuyumba. Vinalisaidia trela lililopakiwa vizuri. Lililopakiwa vibaya vinalificha tu.

Hatua ya 5: Likianza kuyumba, achia mafuta. Shika usukani unyooke, usikimbizane nalo. Bonyeza kwa mkono kidude cha breki za trela kilicho ndani ya gari, taratibu: zikishika hizo tu bila za gari, trela linavutwa nyuma na kunyooka. Kabla hujaondoka nyumbani, kitafute kidude hicho mara kumi bila kukitazama.

MASWALI

Kaka, niliambiwa nikanyage mafuta ili linyooke?
Linaweza kunyooka kwa sekunde mbili. Halafu uko kwenye mwendo mkubwa zaidi, na mwendo ndio unaolisha kuyumba. Usijaribu.

Mvua ikinyesha, kile chuma cha kuzuia kuyumba kwa msuguano nikiache kimekazwa?
Vingi vya aina hiyo hulegezwa barabara ikiteleza, pia unaporudi nyuma. Soma kitabu chake.

Mwalimu, mizani iko mbali na kwangu. Ya bafuni haifai?
Inafaa, dada. Chukua ubao mnene. Ncha moja iweke juu ya bomba, nyingine juu ya mizani, ziachane futi 3. Rudisha namba kwenye sifuri ubao ukiwa juu. Zuia magurudumu, kisha teremsha shingo juu ya ubao, futi 1 kutoka kwenye bomba. Namba utakayosoma zidisha mara 3. Yangu siku hizi inasoma 290.