Somo: Nyigu huyu anawinda buibui, au ni ikineumoni?

Kwa mlioko Marekani na Kanada. Kila kiangazi zinaletwa picha za nyigu mweusi mwenye miguu mirefu, na swali ni lile lile: "Anauma?" Kabla ya kujibu, acheni kuanza na rangi. Familia zote mbili, wawinda buibui na ikineumoni (nyigu ambao mabuu yao hula wadudu wengine wakiwa hai), zina weusi na wa chungwa.

Hatua ya 1: Mwendo. Simama mbali kidogo umtazame. Mwinda buibui (Pompilidae) hatulii: anakimbia ardhini, anatikisa mabawa, anachungulia kila tundu. Ikineumoni hupapasa majani au gogo, vipapasio vikitetemeka muda wote.

Hatua ya 2: Vipapasio. Vya ikineumoni ni virefu na vyembamba, kwa kawaida pingili 16 au zaidi. Mwinda buibui jike ana 12, dume 13, na vya jike mara nyingi hujikunja kama ndoana. Huna haja ya kuhesabu, kuza picha tu.

Hatua ya 3: Mkia. Hapa ndipo watu hukimbia bure. Megarhyssa jike, ikineumoni wa misituni, ana nyuzi ndefu nyuma zinazoweza kuupita mwili wake. Ule ni mrija wa kutagia mayai. Hutua kwenye mti uliokufa, akapapasa gome mpaka amgundue buu wa Tremex columba, nyigu mtoboa mbao, aliye ndani ya mti. Kisha huinua tumbo juu kabisa na kuanza kutoboa. Tazama kwa karibu: nyuzi ni tatu, lakini inayozama ni moja. Mbili ni ala, zinabaki nje zimepinda. Kazi hiyo haiishi upesi, kwa hiyo piga picha bila papara.

Mwiba wa mwinda buibui hukaa ndani ya tumbo, huuoni.

Hatua ya 4: Usiku. Mwembamba wa rangi ya chungwa anayefuata taa ya barazani mara nyingi ni Ophion au Netelia, wote ikineumoni. Netelia ukimshika anaweza kukudunga, ila si kitu cha kulilia.

Ukimkuta anaburuta buibui, hatua zote hizi ziache. Jibu unalo.

MASWALI

*Mwalimu, niko Arizona. Kuna mkubwa, mwili buluu iliyokoza, mabawa ya chungwa, yuko kwenye maua. Nimuue?*

Hapana, dada. Huyo ni Pepsis, mwinda buibui anayekamata tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya; hapo amefuata nekta. Dume hana mwiba. Jike anao, na Justin Schmidt aliyepanga maumivu ya wadudu kwa ngazi 1 hadi 4 alimpa 4, ingawa hupoa baada ya dakika chache. Usimguse, yatosha. New Mexico walimfanya mdudu rasmi wa jimbo mwaka 1989.

*Tarantula anakufa akidungwa?*

Anapooza. Jike humburuta shimoni, hutaga yai moja juu yake na kufukia. Buu humla akiwa hai, viungo muhimu vikiachwa mwisho. Ikineumoni nao wana ukatili wao: mwaka 1860 Darwin alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, kwamba haamini Mungu mwema angewaumba makusudi.

*Na huku kwetu Afrika wapo?*

Wapo, kaka. Hemipepsis, ndugu wa Pepsis, yuko Amerika na Afrika pia.

*Kamera ya simu inafaa?*

Inafaa. Piga ubavuni, si juu, vipapasio na ncha ya tumbo vionekane, na utaje jimbo na mwezi.